Yuko Nyuma, Anakuja

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimesimama ziwani, maji yakinifika kifuani, upande wa Kisian, kochi wangu akivuja damu puani na mimi nikitetemeka kama mwenye homa. Kwa aliyekosa gazeti, nitasema kwa ufupi ndipo tuendelee.

Jina langu ni Akello. Nafundisha watoto wa shule kuogelea katika bwawa la klabu moja hapa Kisumu. Miaka miwili iliyopita boti ilitupindukia tukitoka ng'ambo kwa mkutano wa kwaya. Tulikuwa saba. Watano tukatoka. Wawili hawakutoka. Mmoja alikuwa mwenye boti. Wa pili alikuwa Byron.

Byron ni ndugu yangu, ingawa hatukuzaliwa tumbo moja. Mama yake, Dorca, ni dada ya marehemu mama yangu, na ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka minne. Namwita Mama. Sijawahi kumwita kitu kingine.

Byron alikuwa mtu wa baiskeli. Alikuwa akijiandaa kwa mashindano ya michezo mitatu, yale ya nusu: unaogelea kilomita moja na mita mia tisa, unaendesha baiskeli kilomita tisini, kisha unashuka na kukimbia ishirini na moja. Yote siku moja, bila kukaa chini. Mimi ndiye nilikuwa namfundisha kuogelea. Hakuwa amefika mbali.

Tulipomaliza kumzika, Mama alitoa baiskeli chumbani mwake akaisimamisha mbele yangu. "Hii kazi yake utaimaliza wewe," akasema. Ningekataaje?

Watu wote wanajua kwamba wimbi lilitutenganisha. Ndivyo nilivyowaambia polisi. Ndivyo nilivyosema kanisani, jeneza likiwa mbele yangu.

Nyinyi mnajua kwamba sivyo. Niliwakiria wiki ya kwanza kabisa. Byron alinishika mguu, nami nikampiga teke akaachilia.

Na tangu nianze mazoezi ziwani, kila nikifika pale ambapo miguu haigusi chini, mkono hunishika kifundo cha mguu wa kulia. Jumamosi ile ulinishika tena. Nikapiga teke kwa nguvu zangu zote. Nilichopiga kilikuwa uso wa kochi Masinde.

Basi tuendelee.

Masinde hakunigombeza. Alitoka majini taratibu, akaketi kwenye mtumbwi uliopinduliwa mchangani, akainamisha kichwa, akabana pua kwa vidole viwili. Huyu ni mzee wa Bungoma aliyefundisha wanajeshi kuogelea miaka ishirini. Sura yake haisemi kitu mpaka mwenyewe aamue iseme.

"Kochi, nisamehe. Yalikuwa magugu," nikamwambia. "Yalinizunguka mguu."

"Magugu."

"Ndiyo."

"Unajua ulisema nini ukipiga?"

Nikachukua taulo langu.

"Ulisema, 'Byron, niachilie.' Ukasema mara mbili." Akatema damu mchangani. "Magugu hayana jina, Akello."

Wanawake waliokuwa wakianika omena, vile visamaki vya ziwani, waliacha kazi wakatutazama. Nikajifunga taulo. Meno yalikuwa yanagongana na jua lilikuwa kali.

"Keti," akasema Masinde. Nikaketi. "Jumapili ijayo kwenye mashindano mtaingia majini watu mia mbili, king'ora kimoja. Watakushika miguu. Watakupanda mgongoni. Si kwa ubaya, kila mtu anatafuta njia. Sasa wewe umpige mmoja teke la uso kama hili langu, huko katikati. Azirai. Nani atamwona akienda chini?"

Nikafuta mchanga gotini.

"Kwenye fomu yako nimeandika kwamba wewe uko salama majini. Nimeweka sahihi. Hiyo sahihi nitaifuta."

"Kochi, Mama amengojea hii siku miaka miwili."

"Basi yeye ndiye utaanza naye."

"Kuanza kumwambia nini?"

"Mimi sijui." Akaachilia pua, akaangalia kama damu bado inatoka. "Mimi nimepigwa teke tu. Una mpaka Alhamisi."

*

Jumapili nilienda kanisani na Mama, nikaimba. Jumatatu nilifundisha watoto. Jumanne haikuwa siku yangu ya kazi, na badala ya kwenda Obunga kwa Mama, nikachukua baiskeli ya Byron na kuelekea Muhoroni.

Nilijidanganya kwamba ni mazoezi. Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita tisini, umbali wenyewe ninaoutaka. Ukweli ni kwamba nilikuwa natoroka.

Mpaka Ahero nilikuwa sawa. Mashamba ya mpunga pande zote mbili, barabara imenyooka, pumzi imetulia. Baada ya Awasi mashamba ya miwa yalianza, na matrekta nayo yakaanza.

Trekta la miwa halikuoni. Linavuta trela mbili, miwa imejitokeza pembeni kama mikono, na dereva yuko huko mbele anawaza yake. La kwanza lilinipita vizuri. La pili likapita karibu mno. Muwa mmoja mrefu ukanasa usukani, nikasikia baiskeli ikiniponyoka, na mara nikawa mtaroni, goti limechunika, helmeti imenifunika macho.

Trekta halikusimama.

Aliyenifikia kwanza alikuwa mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi kando ya barabara. Aliinua baiskeli kabla ya kuniinua mimi.

"Haijavunjika," akasema. "Wewe je?"

"Niko sawa, mama. Asante."

Akaitazama ile baiskeli juu mpaka chini. Kiti kiko juu sana, maana Byron alikuwa mrefu, na nilikuwa nimekishusha mpaka mwisho wake bila kufika ninapotaka.

"Hii ni ya mwanamume."

"Ni ya ndugu yangu."

"Na yeye amekuacha uje peke yako kwa hii barabara ya matrekta? Yuko wapi?"

Sijui mdomo wangu ulitoa wapi yale maneno. Nilikuwa nafuta damu gotini, sikuwaza.

"Yuko nyuma," nikasema. "Anakuja."

Yule mama akajikinga jua kwa kiganja, akatazama barabara nilikotoka. Akatazama kwa muda.

"Ee," akasema. "Huyo namwona."

Nilitaka kugeuka na shingo ikakataa. Inawezekana alikuwa mtu wa kawaida tu, mwendesha baiskeli yeyote anayepeleka mzigo wake sokoni. Barabara ile ina baiskeli nyingi. Nilijiambia hivyo.

"Mngojee basi, mwende pamoja," akasema yule mama. "Kaa hapa kivulini nikupe hindi."

"Hapana, mama. Atanipata."

Nikapanda nikaondoka. Hata kushukuru vizuri sikushukuru.

Sikufika Muhoroni. Niligeukia njia panda ya kwanza, nikashika barabara nyingine ya kurudi ili nisikutane na huyo aliyeonekana. Njia hiyo ni ya vumbi, imezungukwa na miwa, huoni mbele wala nyuma.

Humo ndimo nilimsikia.

Anayejua baiskeli za mbio anajua ule mlio wa gurudumu la nyuma ukiacha kukanyaga. Tik-tik-tik-tik, haraka haraka, kama saa iliyopagawa. Ukikanyaga unanyamaza. Mimi nilikuwa nakanyaga. Mlio ulikuwepo. Ulikuwa nyuma yangu, umbali wa baiskeli mbili hivi, mtu anajiachia taratibu, hana haraka.

Nikakanyaga kwa nguvu zaidi. Mlio ukabaki palepale. Nikaacha kukanyaga, na sasa ikawa miwili, wangu na wake.

"Byron," nikasema, macho mbele. "Tafadhali."

Kilomita ishirini na kitu sikugeuka. Nilipotokea Ahero, penye watu na pikipiki, nilisimama mbele ya duka nikashika ukuta. Mlio haukuwepo tena. Muuza duka aliniuliza kama nataka soda au nataka daktari.

Nilikunywa soda. Nikaondoka nikijua ninakokwenda.

*

Mama anashona sare za shule kwenye baraza ya nyumba yake Obunga. Nilimkuta cherehani imenyamaza, jezi ya Byron iko mapajani mwake. Ndiyo niliyokuwa nivae Jumapili. Alikuwa ameikunjua na kuipiga pasi, na alikuwa akiningojea nije kuijaribu.

"Umeanguka," akasema akiona goti.

"Kidogo tu."

"Osha, uvae hii nione mabega."

Nikaosha, nikaivaa. Byron alikuwa mpana; jezi ilinipwaya pande zote. Mama akasimama nyuma yangu, pini mdomoni, akaanza kukunja kitambaa mbavuni na kubana. Mikono yake ilikuwa na joto. Tangu utotoni nimesimama hivyo mbele yake, nikigeuzwa kushoto na kulia, kwa kila sare na kila gauni la Krismasi.

"Mama."

"Mmh." Pini zilikuwa mdomoni.

"Sikusema ukweli juu ya Byron."

"Mmh."

"Wimbi halikututenganisha."

Vidole vyake viliendelea. Kunja, bana. Kunja, bana.

"Boti ilipopinduka nilimwona. Nilimshika mkono tukaelekea ufukweni. Maji yalikuwa yanatupiga usoni. Akaanza kuogopa, akanipanda, tukazama wote. Nikajinasua. Ndipo akanishika mguu. Nilikuwa sina pumzi, Mama. Niliona sisi wote tunakufa. Nikampiga teke."

Mkono ukasimama mbavuni kwangu.

Nje mtu alikuwa anapita na redio. Tuliisikia ikija, ikapita, ikaenda.

Mama akazunguka akaja mbele yangu. Akatoa pini mdomoni moja moja, akizichoma kwenye kile kimto chake cha pini, bila haraka. Nilizihesabu. Zilikuwa sita.

"Alisema nini?" akauliza.

"Nani?"

"Mwanangu. Mtu hawezi kushika mtu akae kimya."

"Aliniita."

"Alikuitaje?"

Hilo sikuwa nimelitegemea. "Nyaminwa," nikasema. Ndilo jina alilokuwa akiniitia tangu tukiwa wadogo. Dada yetu.

Mama akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa akijua jibu.

"Na ulimpiga mara ngapi?"

"Mara moja."

Akanitazama tu.

"Mara mbili," nikasema.

Ndugu wasomaji, hata nyinyi niliwaambia teke moja. Wiki zote hizi nimewaandikia teke moja. La kwanza halikumwachilisha. Alinishika zaidi. La pili ndilo nililopiga nikijua ninapolenga.

Nilidhani atapiga mayowe. Nilidhani majirani watakuja, nami nitafukuzwa Obunga nikiwa na jezi ya marehemu mwilini. Niliyataka mayowe yale. Niliyangojea.

"Vua jezi," akasema Mama.

Nikavua. Akaketi kwenye cherehani, akaweka ule mshono chini ya sindano, akaanza kukanyaga. Akashona upande wa kulia mpaka mwisho. Akageuza, akashona wa kushoto. Akakata uzi kwa meno. Kisha akanirushia.

"Sasa itakutosha."

"Mama, sema kitu."

"Kesho asubuhi utanipeleka pale."

"Pale wapi?"

"Akello." Hakuinua sauti. "Usiniulize pale wapi."

*

Jumatano asubuhi tulikuwa Kisian kabla jua halijachoma. Mama alivaa gauni lake la kanisa, lile jeupe la kwaya ya akina mama, na kitambaa kichwani. Mimi alinitaka nivae jezi.

Boti tuliyokodi safari hii ilikuwa ya Ondiek, mvuvi wa pale pale. Siku ile ya msiba ndiye aliyefika wa kwanza na kuwaokota wale wengine wanne. Alipomwona Mama alivua kofia.

"Mama Byron. Nimeambiwa mnataka kuweka maua."

"Hatuna maua, Ondiek. Tupeleke tu."

Ondiek akanitazama mimi. Nikatazama miguu yangu. Akatuvalisha majaketi ya kuokolea, lile la rangi ya machungwa akamfunga Mama juu ya gauni na kukaza kamba mwenyewe. "Bila hii siondoi boti," akasema. Mama akamwacha afunge.

Ziwa lilikuwa limelala. Magugu yalikuwa yamesukumwa na upepo wa jana mpaka upande mwingine, maji yako wazi, yana rangi ya chai. Injini ilikohoa mara mbili njiani; Ondiek akaigonga kwa kiganja, ikaendelea.

Akaizima. Akatazama mlima upande mmoja, akatazama paa la kanisa upande mwingine, akapiga kasia kidogo.

"Ni hapa," akasema. "Kosa langu haliwezi kuzidi mita kumi."

Mama akageukia upande wangu. "Ni hapa?"

"Ndiyo, Mama."

Akatumbukiza mkono majini, akautoa, akautazama. Ufuko ulikuwa kama mita mia nne kutoka pale. Ungeweza kuona nguo zilizoanikwa.

"Si mbali," akasema.

"Siku ile kulikuwa na mawimbi, mama," akasema Ondiek. "Siku ile hata mimi niliogopa."

"Sijakuuliza." Akaendelea kuniangalia mimi. "Ingia."

"Niingie?"

"Vua hilo jaketi uingie. Uogelee mpaka kule, vile ulienda siku ile. Nataka kuona vile ulimwacha mwanangu."

"Aa, Mama Byron," akasema Ondiek, "hii si mambo ya kuonyeshana. Mtoto ameshaumia. Turudi."

"Ondiek, wewe shika boti yako."

Nikavua jaketi. Nikavaa miwani, nikafunga vibaya, nikafunga tena. Nikamtazama Mama nikitaka aseme basi, imetosha. Hakusema. Nikaingia.

Maji yalikuwa na joto juu na baridi chini. Nikaanza kuogelea kama Masinde alivyonifundisha: vuta, vuta, vuta, pumua. Nilikuwa naungojea ule mkono. Nilijua utakuja. Nilikuwa nimeamua kwamba safari hii ukinishika sitapiga.

Haukuja.

Mita hamsini, haukuja. Mita mia, haukuja. Mguu wa kulia ulikuwa mwepesi kama wa mtu mwingine. Na hilo liliniogopesha kuliko siku zote ule mkono ulizonishika. Nilijiuliza, kama hayuko kwangu, leo yuko wapi?

Ndipo nikasikia Ondiek akipiga kelele.

Ukiwa na maji masikioni hupati maneno. Unapata sauti tu. Nikasimama majini, nikainua miwani.

Ondiek alikuwa amesimama ndani ya boti, peke yake. Mkononi mwake kulikuwa na jaketi la machungwa, tupu, kamba zimefunguliwa.

Mpaka leo Ondiek anaapa kwamba Mama aliteleza. Anasema alilegeza kamba kwa sababu ilimbana kifua, akasimama anione vizuri, boti ikayumba. Mimi nawaandikia alivyoniambia. Sikuona.

"Hajui kuogelea!" Ondiek alikuwa analia. "Akello! Na mimi sijui!"

Miaka thelathini anavua ziwani, na hajui kuogelea. Wengi wao hawajui. Alirusha lile jaketi. Likaanguka mbali, likaanza kuelea likienda zake.

Nilikuwa katikati. Mbele yangu ufuko, nyuma yangu boti. Nitawaambia ukweli kwa sababu nimeshawadanganya mara moja: kulikuwa na nukta moja, ndogo, ambayo mwili wangu ulitazama ufukweni.

Kisha nikageuka.

Sijawahi kuogelea vile. Sikuhesabu mikono, sikukumbuka pumzi. Nilikuwa nikiinua kichwa namwona Ondiek akivuta kamba ya injini, anavuta, anavuta, na injini inakohoa tu. Upepo wa asubuhi ulikuwa umeanza. Boti ilikuwa nyepesi, watu wawili wameitoka, na kila nikiinua kichwa ilikuwa imesogea zaidi.

Nikaona cheupe. Gauni la kanisa lilikuwa limejaa hewa, limefanya mduara juu ya maji, na katikati yake kichwa cha Mama, kitambaa kimetoka, mdomo wazi ukitazama juu.

"Mama! Nimekuja! Usinishike, legea tu, nitakushika mimi!"

Ndivyo ninavyowafundisha watoto. Mfikie anayezama kwa nyuma. Asikushike. Akikushika, zama naye kwa makusudi, ataachilia, maana anayezama hutaka kwenda juu. Nimelisema hilo mara elfu moja kando ya bwawa, na filimbi shingoni.

Sikuwahi kufika nyuma yake. Aligeuka. Mikono yake miwili ikanizunguka shingo, ile mikono iliyosukuma kitambaa chini ya sindano miaka arobaini, na ikafunga.

Tukaenda chini. Nikapiga miguu tukapanda. Nikapata nusu ya pumzi na nusu ya maji.

"Mama, legeza! Mkono mmoja tu, nitakutoa!"

Alikohoa maji shingoni mwangu. Uso wake ulikuwa umegusana na wangu. Nilingojea kusikia ile hofu, ile sauti ninayoijua ya mtu anayetapatapa. Sikuisikia. Mdomo wake ulikuja mpaka sikioni kwangu, na akauliza polepole, kama anayeuliza kama jezi inabana kwapani:

"Alikushika hivi?"

"Mama, tafadhali!"

"Hivi, Akello? Ama zaidi?"

Na akakaza.

Nyuma yake niliona boti. Ilikuwa mita hamsini, Ondiek ameinama kwenye injini, mgongo wake umetuelekea. Miguu yangu ilikuwa huru, yote miwili. Nilijua hasa ni wapi goti langu lingeingia ili mikono ile ifunguke. Nilijua na sikufanya.

Tukaenda chini tena.

Nilifungua macho. Maji yalikuwa ya kahawia, na nuru ya juu ilikuwa inapungua. Mama alikuwa amefungua yake, hajapepesa, ananitazama.